Upande Ulionuna

Ilianza Jumamosi, tarehe tatu Januari 2009, saa nne na nusu asubuhi. Mama alisimama mlangoni akatuambia tunawe miguu, twende soko la Konyo Konyo tukachague kitambaa cha blanketi. Alisema "twende" kana kwamba shughuli ilikuwa ya wote, lakini blanketi lilikuwa la mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa mimi.

Lilikuwa la binti wa mama mkubwa, dada ya mama yangu, ambaye alimtanguliza binti kwetu, mwenyewe akabaki Uganda akimalizia mavuno. Kwetu mtoto wa mama mkubwa ni dada yako, hakuna neno lingine. Lakini hapa nitamwita binamu, kwa sababu siku hiyo sikutaka awe dada yangu. Kesho yake alfajiri mjomba angempeleka Kenya kuanza kidato cha kwanza, shule ya bweni upande wa Eldoret, ambako asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi. Kenya yangu. Mimi ndiye niliyezaliwa Nairobi. Mimi ndiye niliyesoma huko mpaka darasa la saba, kabla hatujarudishwa nyumbani, Juba, baada ya amani, nyumbani ambako sikuwa nimewahi kufika. Yeye alilelewa kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, na Kenya hakuwa ameiona hata kwa picha.

Na Kiswahili chake! Mimi nilifundishwa ngeli na mwalimu aliyekuwa akipiga vidole kwa rula. Binamu alikuwa anasema "mimi iko" na "mtoto yangu" bila aibu, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja na hajali.

Nieleze alivyopata nafasi hiyo, kwa sababu ndipo wivu wangu ulipozaliwa. Mwezi wa kumi na moja mjomba alikuja mtaani kwetu Munuki kutuona. Yeye husafirisha mizigo kwa lori kati ya Eldoret na Juba, na ndiye mwenye kujua watu wa shule. Alikaa kwenye rakuba, kile kivuli cha nyasi tulichonacho mbele ya nyumba, akanywa chai yake yote kwanza. Ndipo akasema shule imekubali msichana mmoja, na yeye atamlipia huyo mmoja. Akatutazama sote wawili, akauliza nani yuko tayari kwenda.

Mimi nilikuwa tayari hata kabla hajaweka kikombe chini. Moyo ulikuwa umeshafika mpakani. Lakini nililelewa kwamba msichana hapigi kelele mbele ya mjomba wake, na hata nisingelelewa hivyo, mdomo wangu ni mzito. Nikaangalia kucha zangu nikasema, "Vile mtaona."

Binamu akasema, "Mimi iko tayari."

Nakumbuka nilijizuia nisicheke. Nilidhani yeye ameshindwa kwa sarufi na kwa adabu pia. Wiki mbili baadaye mama akaniambia, huku akichambua maharagwe, kwamba wameamua binamu ndiye ataenda. Aliniuliza kama ni sawa. Nikasema ni sawa. Kisha nikaenda kuoga, nikamwaga maji mengi ili yapige kelele.

Basi, sokoni. Mama anajua kuchagua kitambaa cha flisi, kile kizito chenye manyoya mafupi laini, kwa sababu kina mama wa kanisa letu kule Nairobi walikuwa wakitengeneza mablanketi bila sindano wala cherehani. Kwanza anakiinua kwenye jua na kuweka mkono nyuma yake, na vidole vikionekana anakirudisha. Halafu anakisugua kwa kiganja, kwa nguvu, na kikitoa vipele anatikisa kichwa. Mwisho anakivuta kwa upana. Flisi nzuri ukiivuta, ukingo wake unajikunja wenyewe kuelekea mgongoni, na hapo unajua uso wake ni upi.

Nilikiona mimi kwanza. Kilikuwa chini ya vingine, kimetoa kona tu, zambarau iliyoiva kabisa. Niliweka mkono juu yake. Kilikuwa laini kama sikio la mbuzi mdogo. Nikasimama hivyo, mkono juu ya kitambaa, nikingoja mtu aone kwamba nimesimama.

Binamu alikuja nyuma yangu, akakivuta kutoka chini ya mkono wangu. "Mama, mimi nataka hii."

Anamwita mama yangu "mama". Ni haki yake, lakini siku hiyo neno hilo lilinikwaruza. Mama akakiinua kwenye jua, akakisugua, akakivuta. Kilikuwa kizuri kwa kila kitu.

Blanketi la namna hii lina nyuso mbili, vitambaa viwili vinavyobebana mgongo kwa mgongo. Mama akanigeukia, nadhani alitaka kunifurahisha, akasema upande wa pili nichague mimi. Nikasema wowote.

Muuzaji alikuwa mama mmoja wa Uganda, amekalia robota la nguo na mtoto amelala mapajani. Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. "Wewe, hiyo 'yoyote' mimi hapana uza. Iko ya bluu, iko ya kahawa, iko ya maua. 'Yoyote' hapana iko."

Binamu alicheka mpaka akajishika tumbo. Hata mama alicheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu, na mama akachukua ya kahawia, rangi ya mto wakati wa mvua. Ndiyo ikawa chaguo langu.

Tulirudi nyumbani jua likiwa limesimama juu ya kichwa. Mama akatandika mkeka kwenye rakuba, akalaza ya kahawia uso chini, juu yake akalaza zambarau uso juu, akapapasa kutoka katikati kwenda nje mpaka hakuna mkunjo. Kila kona alikata kipande cha mraba na kukitupa pembeni. Halafu akaanza kukata ukingo wote, vitambaa vyote viwili kwa pamoja, viwe vidole vilivyolingana, urefu wa kiganja chake. Flisi haifumuki, kwa hiyo haihitaji pindo. Kazi iliyobaki ni kuchukua kidole cha juu na kidole cha chini yake, kuvifunga mara mbili, na kwenda kwa kinachofuata, mpaka uzunguke wote.

Jirani yetu, anayesuka nywele uani na ambaye hakutoka Juba vita vyote, alisimama na chanuo mkononi. "Bataniya?" akauliza. "Bataniya Juba hii? Le sunu?" Blanketi la nini, alikuwa anauliza, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni wakati huo huo. Mama akamwambia ni la Kenya. Jirani akasema basi wamtafutie na jiko la kutembea nalo. Binamu naye akamjibu kwamba kwa Kenya atanenepa, hatahitaji jiko. Yeye hujibu kila mtu. Mimi majibu yangu huja nikiwa nimeshalala.

Mama alitugawia kingo. Binamu alipewa ukingo wa juu na wa kulia, mimi wa chini na wa kushoto. Alituonya jambo moja tu kabla ya kwenda kwenye jiko lake: fundo likazwe mpaka litulie, lisikazwe mpaka lilie.

Binamu alifunga akiongea. Aliniuliza kule shuleni wanakula nini, na kama kweli wanaamshwa kabla ya kuku. Nilimjibu githeri, mahindi na maharagwe, na ndiyo. Akaniuliza kama wasichana watamcheka akiongea. Nilikuwa nakaza. Kila kidole nilichofunga nilikuwa namwona amelala kitanda cha juu, dirisha lina ukungu, zambarau imemfika kidevuni, na mimi niko Munuki tumekaa watatu kwenye dawati moja na mwalimu wa hesabu hajaja tangu mvua. Nilivuta mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Nisaidie kidogo," akasema. Safari hii hakuwa anacheka. "Ni 'mimi iko' ama ni 'niko'? Wewe unajua."

Nilijua. Ni kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho. Nikasema, "Utaona ukifika."

Mama akajibu kutoka jikoni, bila kugeuka. "Ni 'niko'. Mimi niko."

Tangu hapo binamu akaanza kuimba neno hilo kwa kila fundo. Niko. Niko hapa. Niko Eldoret. Niko na njaa. Jirani akajifunza pia, akawa anamwitikia kutoka uani. Nilitamani kuwafunga wote wawili kwa vidole vya flisi.

Tulimaliza jua likishuka upande wa Gudele. Mama akafuta mikono, akaja akalinyoosha blanketi kwenye mkeka. Akalinyoosha tena. Akapiga magoti akalipapasa kama alivyofanya mwanzo, kutoka katikati kwenda nje.

Kingo za binamu zililala chali. Zangu zilikuwa zimekunjamana na kuinuka kutoka kwenye mkeka, na kitambaa kimejivuta ndani kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani alifunga wapi.

"Huu upande umenuna," mama akasema.

Jirani aliacha kichwa cha mteja wake akaja kuona. Akasema kweli, blanketi limekasirika, nani amelikosea.

Mama hakucheka. "Haya mafundo umeyafunga na nini?"

"Na mkono."

Akaniambia nifungue nirudie, na hapo binamu akanyanyua ule ukingo wangu wa chini, akaujaribu kwenye miguu yake.

"Wacha, mama. Hii upande ya kwake nitaweka miguu. Imejikunja vizuri, itashika vidole."

Wakacheka wote. Labda hakuwa na ubaya. Labda alikuwa ananiokoa nisirudie kazi yote jioni ile. Nililala nimempa mgongo, godoro ni moja, na kila alipojigeuza nilifikiria kitu kimoja: kwamba kazi ya mikono yangu itafika Kenya kabla yangu, na itafika kama kitu cha kukanyagia.

Asubuhi niliamka kabla ya adhana. Blanketi lilikuwa limekunjwa juu ya sanduku lake la chuma. Nililichukua, nikakaa kizingitini ambapo mwanga huanza kuingia, nikaanza kufungua. Mafundo mengine yalikuwa magumu kiasi cha kutumia meno, na manyoya ya zambarau yalinibaki mdomoni. Nilifungua, nikanyoosha kile kidole kwa paja, nikafunga tena mpaka kitulie.

Mama alitoka na ndoo, akasimama. Aliniuliza kama naharibu. Nikasema natengeneza. Akauliza kwa nini sasa.

"Sitaki upande wangu uwekwe miguu."

Aliweka ndoo chini. Alianza kutabasamu, kisha akaacha. Sijui sauti ilitoka wapi, labda mdomo ulikuwa umeshazoea kufungua vitu asubuhi ile. Nikasema, "Mama, mimi nilitaka kwenda."

"Uliulizwa."

"Nilisema vile mtaona."

"Na sisi tukaona," mama akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenikumbusha nilikoacha kitu. Akakaa karibu nami kizingitini, akachukua kona ya kushoto, akaanza kufungua kutoka upande ule.

Hatukumaliza. Lori la mjomba lilipiga honi barabarani, na binamu akatoka amevaa soksi tayari, soksi, katika joto la Juba. Alitukuta na blanketi mapajani, akaangalia. Alilichukua na mafundo yake kumi hivi ambayo hayakuwa yamefikiwa, akalibana kwapani. Sikumkumbatia vizuri. Nilimkumbatia kama unavyomkumbatia mtu aliyekalia kiti chako.

Walipakia sanduku. Mjomba alikuwa anakaza kamba nyuma ya lori, ana haraka, na hakuwa ameniuliza kitu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu. Nilitembea mpaka pale alipokuwa. Sentensi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeirudia kichwani tangu mwezi wa kumi na moja, maana ndiyo sentensi iliyoshinda, na ikatoka vile vile nilivyoisikia, kwa sauti ya binamu.

"Mjomba, mwaka ujao mimi iko tayari."

Aliacha kamba. Kutoka dirisha la lori, juu, binamu akatoa kichwa. "Ni 'niko'," akasema.

Ningeweza kumrushia kiatu. Badala yake nikashika kamba ya mjomba ili aniangalie mimi, nikasema tena, kwa sauti iliyomtoa jirani nje na chanuo lake:

"Niko tayari."