Wembe Kabla ya Arobaini

Spiro Lazovac alikuwa mpigapicha wa Kotor, mji wa bandari, na kazi yake ilikuwa ile ile ya kila siku: maharusi, watoto wa ubatizo, nyuso za pasipoti, na watalii wa meli waliotaka kupigwa picha na paka. Mkono wa kazi alikuwa nao, hilo hata wasiompenda walikiri. Lakini miaka yote hiyo picha zake ziliishia kwenye kioo cha dukani kwake, na jambo hilo lilimkera kuliko alivyokubali kusema. Mkewe akimwambia amshukuru Mungu, alinuna.

Basi Vukota, golikipa wa mpira wa majini ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina moja tu, alipopata mkataba wa kutangaza nyembe, aliweka sharti: picha apige Spiro. Spiro ndiye aliyemsimamia ubatizoni, na kwao mtu huyo ni kumu wa familia nzima, na wote huitana hivyo. Mtu anaweza kugombana na kaka yake mwaka mzima, lakini kumu wake hamgusi.

Halafu baba yake Vukota akafa.

Kwao mfiwa hanyoi ndevu mpaka arobaini ipite. Makaburini Vukota alisimama wima akipokea mkono wa pole, macho makavu, kama wanaume wa huko wanavyotakiwa. Iskra, mwanamke wa kampuni ya matangazo kutoka Podgorica, mji mkuu, alisubiri wiki mbili, akatoa rambirambi kwa moyo wote, kisha akasema mashindano yanakaribia na hawezi kungoja zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wakubwa wake.

Wakakutana bwawani asubuhi.

"Mwanangu, sema neno moja tu," Spiro alinong'ona, "naivunja kamera hii sasa hivi, wakatafute mwingine."

"Uvunje kamera, wewe? Kumu, wewe ukivunja kikombe unaomboleza wiki nzima."

"Nasema kweli."

"Mama amesema kazi ni kazi. Piga tu, tumalize."

Akajitosa majini, akatoka, akajipaka povu. Wembe ulipopita shavuni mara ya kwanza na zile ndevu za msiba zikaanguka, lile pande la mtu uso ukamkunjamana. Hakutoa sauti. Machozi yakachanganyika na maji, yakateremka pale paliponyolewa. Iskra alikuwa kwenye simu, amewapa mgongo. Spiro aliona kila kitu. Aliona vizuri kuliko ambavyo mtu yeyote angeona, maana jicho lilikuwa kwenye kamera, na kidole hakikupumzika.

Iskra alipozitazama picha akapiga ukelele. "Mzee Spiro! Matone haya ya maji umeyapataje?"

"Bahati," alijibu.

Angeweza kuifuta ile moja ya machozi. Nyingine zilikuwapo, nzuri za kutosha kuuzia nyembe. Alikaa nazo mezani mchana kutwa, chakula kikapoa, mkewe akasema wee mpaka akachoka. Lakini ilikuwa picha aliyoingoja tangu ujana wake, na tamaa ikamshinda. Hakumwomba Vukota ruhusa. Akaituma kwa Iskra.

Ikatundikwa kila mahali, kubwa kama nyumba. Mkahawani wenzake wakamkalia kooni kwa utani.

"Oo, bwana mkubwa! Pasipoti zetu bado utatupigia, au tuombe ruhusa Podgorica?"

"Kwa uso wako huo, hata Podgorica hawatakusaidia," Spiro alimjibu, wakacheka, naye akacheka. Alifurahi, tusimsingizie. Bango moja lilikuwa kwenye kona ya barabara ya makaburini, na kila alipopita hapo alipunguza mwendo makusudi ili alitazame.

Siku ya arobaini walipita hapo wote, ukoo mzima. Kaburini kasisi akasoma, na ngano ya kuchemsha, ile inayoliwa kumkumbuka marehemu, ikaanza kugawanywa. Darinka, mama yake Vukota, akamshika Spiro mkono, akamvuta pembeni.

"Kumu, kwenye lile bango. Yale ni maji?"

"Maji, kumu. Alikuwa katoka kuogelea."

"Usinifanye mtoto. Mwanangu namjua." Hakupandisha sauti. "Siku ya maziko nilimwomba Mungu amjalie machozi, hakulia. Nyumbani halii. Nikasema, jambo hili litaniulia mwanangu. Kumbe alilia, na wewe ulikuwapo. Nimefurahi ni wewe uliyekuwapo. Ulimkumbatia?"

Spiro aliinamisha uso. Angeweza kusema ndiyo. Mama wa watu alikuwa anataka kuambiwa ndiyo, macho yake yote yalimsihi.

"Nilimwambia asijifute machozi," alisema.

Darinka akamwachia mkono, akarudi kwa wageni wake kuwagawia ngano.