Fundi wa Nyuma ya Pazia

Kesho yake mdogo wangu alikuwa anakwenda kuonana na wakili wa talaka kwa mara ya kwanza, basi nikaenda dukani kwake kumwandaa. Tuliketi chumba cha nyuma, pazia tumelishusha. Nikakalia kiti cha cherehani, nikakunja uso, nikawa wakili.

"Haya, mama. Unadai nini?"

"Duka langu na cherehani zangu."

"Mumeo anasema fundi ni yeye. Nani amewahi kukuona ukishona?"

Akatazama pazia. Hasira zikanipanda. Miaka yote ya ndoa yao shemeji yangu hukaa mbele, tepu shingoni, anapima wateja na kupokea sifa. Mdogo wangu yuko nyuma ya pazia, anakata, anashona, anapiga pasi mpaka mgongo unagoma. Walikubaliana hivyo wenyewe, eti wateja wa suti humwamini fundi mwanamume. Sasa mtaa mzima unamwita shemeji Fundi, na mdogo wangu mke wa Fundi. Mtu asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano!

"Ulikuwa na akili gani wewe?" nikamfokea.

"Nilidhani nina mume, dada."

Mara tukamsikia shemeji huko mbele akimpokea mama mwenye duka la dawa, aliyeleta kitambaa cha suti.

"Ondoa shaka, mama. Mkono wangu si unaujua?"

Mkono wake! Mdogo wangu akachukua mkasi, akasukuma pazia, akatandaza kile kitambaa mezani.

"Kata," akamwambia mumewe.

"Mke wangu, mbele ya mteja kweli?"

"Kata, Fundi."

Shemeji akashika mkasi. Akageuza kitambaa huku, akakigeuza kule, jasho likimtiririka. Alipofungua mkasi katikati kabisa ya kitambaa, mteja akakivuta haraka.

"Kumbe suti zangu zote..."

"Ni mimi," mdogo wangu akasema. "Na huyu anataka kunitoa humu mikono mitupu. Kesho naenda kwa wakili, na sina hata mtu mmoja wa kunitolea ushahidi."

Yule mama akamtazama shemeji kuanzia juu hadi chini. Kisha akamvua ile tepu shingoni, akampa mdogo wangu.

"Nipime wewe," akasema. "Na huku ukinipima, nielekeze ofisi ya huyo wakili."