Siku Tano Alizokata Bila Chaki

Mtaa mzima walimwita Mkasi, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kadi ya kliniki tu. Alikuwa fundi wa kukata suti, na alikata bila chaki. Ukiingia mlangoni alikutazama, akakuzungushia futi kiunoni kwa heshima tu, kisha akatandaza kitambaa mezani na mkasi ukaenda wenyewe. Mkewe alishona alichokikata. Miaka kumi na minane walikaa chumba kimoja cha mbele, mke na cherehani yake dirishani, mume na meza yake ndefu katikati, wakitaniana kutwa.

"Kazi ni kukata," Mkasi alikuwa akisema. "Kushona ni kuokota nilivyoviacha."

"Basi vaa vipande vyako uende navyo harusini," mke alimjibu.

Kifafa alikuwa nacho tangu ujana. Kidonge kidogo cheupe, asubuhi na jioni, kilikipunguza lakini hakikukifukuza. Kila mwezi alianguka mara mbili tatu, na mkewe alijua kumlaza ubavu, kusogeza vyenye ncha, na kuwatoa nje wale wanaokimbilia kumtia mtu kijiko mdomoni. Watu hawana msaada wowote, lakini kijiko hawakikosi.

Ndipo daktari wa kliniki akaongeza kidonge cha pili, kikubwa, cha rangi ya waridi. Miezi mitano Mkasi hakuanguka hata mara moja. Mke alifurahi mpaka akamshukuru na mfagiaji wa kliniki. Kisha mikono ya mumewe ikaanza kutetemeka.

Ilianza na kikombe cha chai, ikafuata mkasi. Alirudi kwenye chaki kama mwanafunzi, na mistari ya chaki nayo ikaenda mrama. Siku alipoharibu kitambaa cha suti ya mwalimu mkuu, bega zima hadi kifuani, aliuweka mkasi chini, akakaa kwenye stuli na kuificha mikono kwapani.

"Bora nianguke," alisema. "Nikianguka nainuka, nakata. Hii sasa ni nini?"

Walirudi kliniki. Daktari alipunguza hiki kidogo, akapunguza na kile kidogo, lakini kila mikono ilipotulia, kifafa kilibisha hodi. Mwisho akawarudisha palepale walipokuwa.

Dawa zilitunzwa na mke, kwa kuwa Mkasi aliwahi kusahau akameza mara mbili. Alizipanga ndani ya kopo la vifungo. Sasa mshonaji naye ana ugonjwa wake: nguo ikibana, anatafuta mshono unaobana, anaufumua huo mmoja, mingine anaiacha. Mikono ilianza kutetemeka kilipokuja kidonge cha waridi. Mke akaona ameupata mshono. Asubuhi moja akampa cheupe chake kama kawaida, na mahali pa cha waridi akaweka kidonge cha vitamini cha rangi hiyohiyo. Hakumwambia mtu.

Siku ya tatu kikombe kilifika mdomoni bila kumwaga. Siku ya nne Mkasi aliitupa chaki kwenye pipa la taka. Siku tano alikata bila chaki, akaimba, akamtania mkewe mpaka jirani akauliza kwani humu ndani wamehamia maharusi. Mwalimu mkuu alipata suti yake. Mke alimtazama mumewe kutoka dirishani, na moyo wake ulijaa.

Siku ya nane Mkasi alianguka katikati ya wimbo. Akaanguka tena kabla hajazinduka, na tena njiani, na tena kwenye kitanda cha hospitali. Usiku kucha hakumtambua mkewe.

"Alikosa dozi?" daktari aliuliza asubuhi, wakiwa wawili tu.

Mke akasema kweli. Daktari hakumgombeza, na afadhali angemgombeza.

"Mama, kile kikubwa kina kazi mbili," alisema. "Kinazuia kifafa chenyewe, tena kinaifanya hii nyeupe ikawie mwilini. Ulipokiondoa, na nyeupe ikaanza kutoka haraka, ikabaki kama nusu. Wewe ulidhani umeondoa dawa moja. Umeondoa moja na nusu. Na kuzikata ghafla ni hatari, angeweza kufa."

"Na mikono?"

"Zikiwa pamoja zinamtetemesha. Nyingine tulizonazo tulishamjaribia zamani, zikamkataa. Kwa sasa sina jingine, mama."

Mkasi alirudi nyumbani na vidonge vyote viwili, na mikono ikaanza upya. Lakini sasa alikuwa na ushahidi kwamba mikono yake bado ipo, na hakutaka kutulia. Alivaa tena shati alilovaa wiki ile. Alilala upande ule wa kitanda. Alikunywa chai bila sukari, kwa sababu wiki ile sukari iliwaishia.

"Wewe hukosi kukumbuka kitu," alimwambia mkewe jioni moja, mbele ya kopo la vifungo. "Wiki ile mkono ulikuwa wangu. Tulifanya nini, mke wangu? Kumbuka vizuri."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mke alimjua mumewe: akimwambia, atachagua mkasi, na safari hii huenda asiinuke. Asipomwambia, atatafuta maisha yake yote, kwenye mashati na kwenye chai, kitu ambacho mkewe amekishika mkononi. Alitafuta njia ya tatu, akaikosa.

"Sikumbuki, mume wangu."

Akamtilia vidonge viwili kiganjani. Kiganja kikatikisika, cha waridi kikadondoka, kikabingirika chini ya meza. Mke akainama, akakiokota, akakipuliza vumbi, akakirudisha. Kisha akaufumba mkono wa mumewe ndani ya mikono yake miwili, akausindikiza mpaka mdomoni.

Mkasi akameza, akamwambia asante.