Jino la Mbele la Baragumu

Jina la Koleo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wagonjwa wake, na kwa miaka mingi alilivaa kama nishani. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imejaa nguvu, na kiti chake cha kutibia meno kilikuwa karibu na dirisha la nyuma la zahanati, mkabala na ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Mtu akiingia ameshika shavu, Koleo humketisha, humchoma ganzi, humwanzishia kisa cha kuchekesha, na kabla kisa hakijafika mwisho jino liko kwenye kisahani.

"Dawa ya jino ni nini?" humuuliza muuguzi wake.

"Kung'oa," muuguzi hujibu, na wote hucheka, hata mgonjwa ambaye nusu ya mdomo haina habari.

Hakuna aliyelalamika. Watu walikuja na maumivu, wakaondoka bila maumivu. Meno yao ndiyo yaliyobaki pale.

Dawa nyingine alikuwa anaijua. Chuoni alifundishwa kwamba jino lililooza hadi ndani si lazima ling'olewe. Unaweza kulitoboa, ukaingiza tupa nyembamba kama sindano ndani ya mzizi, ukatoa uozo na usaha, ukausafisha mzizi na kuuziba, na jino likabaki mahali pake likitafuna miaka na miaka. Kwenye mtihani wa kuandika alilieleza vizuri hilo. Lakini kwa mikono alikuwa amelifanya kwenye jino la plastiki, tena kwa kupokezana na wenzake, halafu kwa mgonjwa mmoja tu wa kweli, bibi mmoja mpole. Katikati ya kazi tupa ikamkatikia ndani ya mzizi. Kilisikika kimlio kidogo, kama njiti ya kiberiti inayovunjika. Mwalimu akamsogeza kwa bega, akakaa mahali pake, akamalizia. Wala hakumkemea. Alimwambia tu, "Usijali, haya utajifunzia kazini."

Kazini hakukuwa na wa kumfundisha. Kila alipoona jino ambalo lingeweza kuokolewa, kile kimlio kilimrudia masikioni, na mkono wake ukaenda kwenye koleo la kung'olea. Mwanzoni alijiambia ni kwa sababu ya foleni. Baadaye akajiambia ni kwa sababu ya vifaa. Mwishowe hakujiambia kitu tena, maana kazi ilikuwa inakwenda na watu walikuwa wanashukuru.

Koleo alikuwa na kaka, wamezaliwa tumbo moja. Mchana kaka mtu alifundisha hesabu shule ya msingi, na mwisho wa wiki alipiga tarumbeta kwenye bendi, ndiyo maana mji mzima ulimwita Baragumu. Walipokuwa wadogo alifanya mazoezi nyuma ya nyumba hadi majirani wakafunga madirisha, na yeye Koleo, binti mdogo, akikaa kwenye ngazi kumshikilia karatasi za noti zisipeperuke. Walipokuwa wakubwa, kaka hakuacha kujisifia. "Huyu mdogo wangu kasomea meno kwa ajili yangu," aliwaambia wenzake wa bendi. "Mpiga tarumbeta mwenye daktari wake nyumbani, mnamjua mwingine?"

Siku moja Baragumu alikuwa akimsaidia jirani kuhamisha kabati. Mlango wa kabati ukafunguka njiani, ukampiga mdomoni. Jino la mbele halikung'oka, halikuvunjika hata kidogo. Ila baada ya miezi lilianza kubadilika rangi, na baadaye fizi ikavimba. Akaenda kwa mdogo wake.

"Limekuwa jeusi kama roho ya mwenye nyumba wangu," alisema huku akijilaza kwenye kiti. "Hebu liangalie."

Koleo akaangalia. Akaligonga kidogo kwa mpini wa kioo, akalisukuma kwa kidole. Lilisimama imara kama nguzo. Ubovu ulikuwa ndani tu, kwenye mzizi, na mzizi wa jino lile ni mmoja, umenyooka. Kwenye mtoto wa meza kulikuwa na tupa ndani ya pakiti yake, haijawahi kufunguliwa. Akaukumbuka ule mlio.

"Linafaa?" kaka akauliza.

"La kuvunda halina ubani, kaka. Tulitoe. Nitakuwekea la bandia, wala hakuna atakayejua."

"Na tarumbeta?"

"Utazoea."

Baragumu akafumba macho, akaachama. "Haya. Wewe ndiye daktari."

Hakuzoea. Tarumbeta huegemea midomo, na midomo huegemea meno. Lile la bandia lilikuwa limeshikizwa kwenye kipande cha plastiki, na pumzi ikija kwa nguvu plastiki inatikisika, sauti inatoka na mvuke kama sufuria inayochemka. Alijaribu kulivua na kupiga na pengo. Akajaribu kuhamishia tarumbeta pembeni mwa mdomo. Kwenye harusi ya binti wa mwalimu mwenzake, ile sauti ya juu aliyozoea kuishika mpaka watu wasimame ilimkatikia mdomoni. Akairudia, ikakatika tena. Kiongozi wa bendi akamwekea mkono begani. Tangu siku hiyo Baragumu akahamia kwenye ngoma kubwa.

"Ngoma kubwa haihitaji meno," aliwaambia jamaa siku waliyomwona nayo mara ya kwanza. Wakacheka. Koleo naye akacheka, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Miaka ikapita. Mtafiti mmoja kutoka chuo kikuu akafika zahanati, dada kijana mwenye viatu vilivyojaa vumbi, akizunguka kwa madaktari wa meno mmoja mmoja. Alitaka kujua walivyoandaliwa chuoni na wanavyotibu sasa. Koleo akamkaribisha vizuri, akamvutia kiti.

"Ulipomaliza masomo, ulijiona uko tayari kutibu mzizi wa jino?"

"Tayari kabisa. Tatizo letu huku ni vifaa."

"Karibu kila niliyemuuliza amenijibu vifaa," mtafiti akasema, bila kejeli. "Kwa hiyo nimeongeza swali. Vifaa vikiletwa kesho asubuhi, utaanza na mgonjwa wa namna gani?"

Muuguzi, aliyekuwa akipanga pamba, akaipanga upya.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," Koleo akasema. "Ukweli, mwanangu, sijui nitaanzia wapi. Tangu chuo sijatibu hata mmoja."

Yule dada akaweka kalamu chini. "Si wewe tu, mama. Wengi hunijibu hivyo nikishafunga kalamu." Kisha akamweleza kwamba chuo kimeanzisha mafunzo mafupi ya kushika kazi yenyewe kwa mikono, kwa wale wanaofanya kazi tayari. Nafasi zilikuwepo, kwa sababu watu wazima walikuwa wanaona haya kwenda.

Koleo akaenda. Alikaa benchi moja na vijana wa umri wa wanawe, mbele yake meno halisi yaliyosimikwa kwenye plasta. Tupa zilimkatikia, si moja. Lakini mwalimu wa safari hii hakumsukuma kwa bega. Alimwambia atoe mkono, aangalie, aseme mwenyewe kosa liko wapi. Koleo akagundua alikuwa anailazimisha tupa mahali inapogoma, kwa nguvu zilezile alizotumia kung'oa. "Hapa nguvu hazina kazi," mwalimu alisema. "Inakataa, unarudi nyuma, unasafisha, unaingia tena." Siku za mwisho mkono ulikuwa umeanza kutulia.

Mgonjwa wake wa kwanza baada ya kurudi alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili. Jino lake la mbele lilikuwa limeingia weusi.

"Ng'oa twende, Koleo, nimeacha mteja na povu."

"Leo hatung'oi."

Kinyozi akainua kichwa. "Unaumwa?"

"Lala. Jino lako linapona."

Muuguzi alishika taa. Koleo alipima urefu wa mzizi, akaingiza tupa ya kwanza, akangoja mlio. Haukuja. Akarudi nyuma, akasafisha, akaingia tena, taratibu, akibadilisha tupa kila inapochoka. Kabla ya adhuhuri mzizi ulikuwa safi, umezibwa, na kinyozi alikuwa anajitazama kwenye kioo huku akipiga soga. Muuguzi alikuwa anatabasamu uso mzima.

Koleo akatoka nje, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akainamisha kichwa. Muuguzi alidhani amechoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa ameingia kwenye ile kazi akitamani iwe ngumu. Aliomba, bila kujua kama anaomba, imshinde kidogo, ili aweze kusema hata siku ile ya kaka yake ingeshindikana. Na jino lilikuwa lilelile la mbele, lenye mzizi mmoja ulionyooka. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Akaamua kwenda kumwambia kaka yake. Wiki hiyo Baragumu alikuwa anasahihisha mitihani, akaona asimsumbue. Wiki iliyofuata kulikuwa na wageni. Alikuwa bado anatafuta siku nzuri, na siku nzuri ya maneno kama hayo haipatikani, wakati kinyozi alikuwa ameshalitembeza jino lake mji mzima. Kila aliyekaa kwenye kiti chake alionyeshwa.

Baragumu alifika zahanati alasiri, wagonjwa wamekwisha. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa, mwingine bado. Muuguzi alimtazama, akachukua mkoba wake, akaaga.

"Jino la kinyozi lilikuwa jeusi?" Baragumu aliuliza akiwa amesimama mlangoni.

"Ndiyo, kaka."

"Kama langu?"

"Kama lako."

"Langu lilikuwa linacheza?"

"Hapana. Lilikuwa imara."

Baragumu akaketi kwenye ukingo wa kiti cha wagonjwa, maana hakukuwa na kingine karibu. "Wakati ule dawa hii ulikuwa huijui?"

Koleo angeweza kuitikia kwamba hakuijua, na mambo yakaishia hapo. "Nilijua ipo," akasema. "Nilikuwa siiwezi."

"Ungeniambia."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi?"

"Kusema siwezi mbele yako, kaka. Wewe uliyekuwa unanisifia kila mahali."

Baragumu akapapasa ule upande wa kichwa ambao haujanyolewa. Alipozungumza sauti yake haikupanda. "Ningekwenda kwingine. Hospitali kubwa iko wapi? Unapanda gari asubuhi, jioni umerudi. Mimi jino sililii, mdogo wangu. Meno huondoka. Ila ulinifanya niamini hapakuwa na pa kwenda."

"Nisamehe, kaka."

"Nimekusikia," alisema. Hakusema amesamehe. Akainuka, akarudi kwa kinyozi kumalizia kichwa chake.

Hawakugombana. Mtu wa nje asingeona tofauti. Baragumu aliendelea kuja nyumbani kwa mdogo wake, akala, akataniana na shemeji yake. Ila ile sifa ya daktari wa nyumbani hakuisema tena mbele ya watu. Koleo alikwenda kumuulizia bingwa mmoja habari za kupandikiza jino la kudumu ndani ya mfupa. Bingwa alisema mfupa umeshapungua, lakini si jambo lisilowezekana. Akampelekea kaka yake habari hiyo mbio mbio, kama mtoto aliyeokota kitu njiani.

"Midomo yenyewe imeshasahau," Baragumu alimjibu kwa upole. "Hata ukinirudishia meno yote. Asante lakini."

Bendi ilimpata mpiga tarumbeta mwingine, kijana anayejitahidi. Koleo akialikwa kwenye sherehe hukaa mbali na jukwaa.

Jina la Koleo halikumtoka, na kung'oa hakujaisha, kwa sababu wengi huja wakati jino limebaki kipande. Lakini akitembea sokoni siku hizi huchelewa kuitikia salamu. Mama muuza nyanya anacheka, na pengo liko palepale alipoliacha yeye. Mlinzi wa benki, dereva wa lori, mwalimu mkuu. Wanamshangilia, wanamwita kwa jina lake la sifa, naye anawatazama midomo kwanza kabla ya macho. Yapo meno kati ya hayo yaliyokuwa hayana pa kwenda isipokuwa kwenye kisahani. Mengine hayakuwa hivyo. Ni yapi, hawezi kujua tena, na hakuna wa kumuuliza.

Mwaka jana Baragumu aliingia zahanati ameshika shavu. Koleo alimlaza, na kabla hajaachama, kaka akamshika mkono.

"Kuna njia nyingine?"

"Ngoja nione, kaka."

Safari hii lilikuwa gego la nyuma kabisa. Akapiga picha ya eksirei, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu. Mizizi ilikuwa mitatu, mmoja umepinda kama ndoana.

"Ipo," alisema. "Linaweza kuokolewa. Lakini hili mimi siliwezi."

Baragumu akamtazama usoni. "Nani analiweza?"

Koleo akamtajia daktari kijana wa hospitali kubwa, aliyekaa naye benchi moja kwenye mafunzo, akampigia simu hapo hapo kumwambia kaka yake anakuja. Baragumu akavaa kofia yake, akatia ile picha kwenye bahasha, akaenda.

Alirudi jioni, shavu limelegea kwa ganzi, gego likiwa mahali pake. Alipitia zahanati kabla ya kwenda kwake, akakaa akaeleza yote, tangu walivyomlaza mpaka walivyoziba, maneno yakimteleza upande mmoja wa mdomo. Koleo alimuuliza maswali mengi kuhusu ule mzizi uliopinda. Habari za jino la mbele hawakuzigusa.