Kisima Tulichokifukia Wenyewe

Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za mkutano ule. Nilichaguliwa kuwa mwandishi wa kamati ya maji kwa sababu nafundisha chekechea, na kijijini kwetu mwalimu hupewa kalamu hata asipoiomba. Tuko upande wa juu wa Msambweni, mbali na hoteli. Mvua ikikosa, mahindi hukauka yakiwa bado hayajafika magotini.

Mradi ulituletea pampu ya sola na tangi jeusi la kuinuliwa juu ya vyuma. Mahali pa kuchimba palikuwa pameshatiwa alama ya rangi nyekundu kabla hatujaitwa. Tulipoitwa, tukaambiwa tumekuja kushirikishwa. Afisa wa mradi, dada mmoja mpole kutoka bara, alitueleza kila kitu, akapitisha karatasi ya mahudhurio, kisha akauliza kama kuna mwenye swali.

Mama yangu akainuka.

"Mwanangu," alimwambia, "maji mapya tunayapokea kwa mikono miwili. Lakini kisima chetu cha zamani msikifukie. Tuacheni kwanza tupite nacho kiangazi kimoja, tuone hiyo mashine yenu itasimama au haitasimama."

"Shikamoo, mama," afisa alijibu.

"Marahaba."

"Kisima kile kiko wazi, mtoto anaweza kutumbukia. Na maji yake tumeyapima, si salama. Masharti ya mradi ni kwamba kifungwe kabisa."

"Basi kifunikeni. Kufunika si kufukia."

Wanawake waliokaa mkekani wakaguna kumuunga mkono. Wanaume waliokaa vitini walimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akasema wageni wana safari ndefu, tuwapigie makofi. Tukapiga makofi, na mimi nikapiga.

Baadaye afisa alikaa nami tukapitia nilichoandika. Nilikuwa nimeyaweka maneno ya mama kama alivyoyasema. Aliyasoma, akanirudishia karatasi.

"Mwalimu, wakubwa wangu wakiona kuna pingamizi hapa, mradi watauhamishia kijiji kingine. Ungeandika tu kwamba wananchi walijadili na kukubaliana."

Hakunilazimisha. Nilichukua karatasi nyingine nikaandika hivyo.

Kisima tulikifukia wenyewe, maana mradi ulitaka jamii nayo itoe jasho lake. Kwa siku mbili tulitupa ndani udongo na takataka za ujenzi. Yale mawe ya matumbawe yaliyozunguka ukuta wake tuliyang'oa yakatumike kwenye msingi wa tangi. Mama alikuja na jembe lake. Nilipomwuliza mbona amekuja, alisema, "Sitaki nije kuambiwa nilikataa maendeleo."

Maji yalitoka mwaka mmoja na kitu. Sitasema uongo, yalikuwa matamu, na watoto walikuja darasani wameoga. Kiangazi kilipokaza, pampu ikanyamaza. Sisi wa kamati tulikuwa tumefundishwa siku moja tu, tukapewa kofia na vyeti, ila ufunguo wa sanduku la mitambo hakupewa yeyote kati yetu. Nilimpigia simu yule afisa. Alikuwa ameshahamia kazi nyingine. "Mwalimu, ule mradi ulifungwa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika kweli. Kwingine tulikopiga tuliahidiwa fundi. Wiki zikapita, watoto wakaanza kuhara kwa maji ya bwawa la ng'ombe.

Asubuhi moja wanawake wakachukua majembe wakaenda kukifukua kisima. Safari hii hapakuwa na mkutano wala karatasi. Mama alikaa ukingoni kuvuta ndoo za udongo. Aliyeingia ndani alikuwa jirani yetu, mama wa watoto watatu, mwembamba, mwenye nguvu kuliko wanaume wengi, na mcheshi. Siku ya tatu alipaza sauti kutoka chini: "Umelowa! Udongo umelowa!" Wenzake wakapiga vigelegele. Vigelegele hivyo nilivisikia nikiwa darasani, na kabla havijaisha vikageuka mayowe.

Ukuta usio na mawe ulikuwa umeporomoka. Tulifukua kwa majembe, kisha kwa mikono, tukiogopa kumkata. Tulimtoa kabla ya adhuhuri, ameshakata roho, kiganja kimoja kimefumba tope.

Maji ya kumwoshea yaliletwa na bodaboda kutoka Msambweni, kwenye madumu ya njano. Tulimzika alasiri.

Jioni ya matanga nilikaa karibu na mama nikamwambia nilichofanya, kwamba maneno yake niliyaondoa kwenye kumbukumbu.

"Nilijua," alisema. "Hata ungeyaandika, wangefukia vilevile."

Nilitamani anigombeze. Nilimwambia huenda mradi ungekwenda kwingine, kisima chetu kikabaki na mawe yake, na jirani yetu angekuwa anapika wakati ule. Mama alijifunika kanga usoni akalia, na hapo nikajua kwamba naye amelipigia hesabu hilo hilo.

Mwezi uliofuata fundi alikuja. Kazi yake haikuchukua hata asubuhi moja. Alibadilisha kifaa cha ukubwa wa kiganja, maji yakatoka. Trekta nalo likaja kukifukia kisima upya. Nilijiuzulu kwenye kamati, na nafasi yangu ikajazwa siku hiyo hiyo. Mume wa marehemu hakuwahi kuchota kwenye bomba lile. Aliwachukua watoto wake watatu akawapeleka kwa mama yake huko Kinondo, na nyumba yao imeanza kuanguka upande wa jikoni.