Sosisi zimepasuka, ufunguo umerudi

Munisamehe wapendwa, munaniuliza habari tangu wiki mbili na sikujibu. Mutoto anaota meno, halali, mimi pia silali.

Lakini leo, sikilizeni!

Mwezi uliopita, siku nilipopeleka mutoto hospitali, shemeji yangu Dezire alibadilisha kufuli ya duka la Mama mkwe. Duka ambalo mimi na Mama tunauza unga, sabuni na sosisi tunazotengeneza wenyewe. Njo hilo duka linalolisha watoto wangu.

Akasema, "Mashine ya nyama iko kwangu. Sosisi ni mashine tu!"

Leo mchana akaita jamaa yote waonje sosisi zake, ili Mama amuachie duka.

Akazipanga juu ya jiko la mbabula, makaa mekundu.

Pa!

Pa! Pa!

Zikapasuka zote, mafuta yakamurukia kwenye shati la kanisa. 😂

Mama akamuangalia. "Dezire, ulizitoboa na sindano?"

"Sindano gani, Mama?"

"Eh! Bila tundu, mvuke utatokea wapi?" Mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Toa ufunguo, baba. Umupe muke wa ndugu yako."

Akautoa, mbele ya wote!

Nikamuambia polepole: "Shemeji, kesho uje nikufundishe kutoboa. Lakini ufunguo utalala kwangu."

Nimekosea? Semeni.

Dada Rozi wa Moba, tuma na boti: vitunguu saumu beseni moja, pilipili kavu, sindano ndefu mbili.

Na kufuli mpya.