Tulipoiombea Brazil Baridi

Soko huria lilifika kijijini kwetu Iyula ndani ya pikapu nyeupe, limeletwa na bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni. Kabla yake tulipeleka kahawa chama cha ushirika, tukasubiri malipo mpaka tukasahau tuliuza nini. Sasa tuliambiwa mambo ni ruksa: anayetaka kununua anunue, anayetaka kuuza auze, na bei itajipanga yenyewe. Ikajipanga kweli. Ilijipanga chini.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa kuuliza. Alimuuliza yule mnunuzi kwa nini bei inashuka wakati kahawa yetu ni ile ile, imeoshwa na kuchambuliwa punje kwa punje. Bwana akamweleza kwa upole kwamba tatizo si sisi, ni Brazil. Wamevuna mno huko. Wakipigwa na baridi kali ya kuunguza mibuni yao, bei itapanda dunia nzima, hata Iyula.

Mtu mwingine angesikia hayo akaendelea na shughuli zake. Baba aliyapeleka kanisani. Dada yangu alikuwa amepata nafasi katika sekondari ya bweni, shule imekubali kumsubiri mpaka mwezi wa saba, na ada yake ilikuwa inakauka juu ya vichanja nyuma ya nyumba. Kwa bei ile isingefika hata nusu. Basi Jumapili Baba akasimama mbele ya watu akaomba waiombee Brazil baridi, na kwa kuwa kila mmoja pale alikuwa na kahawa, hakuna aliyeona aibu. Bibi mmoja aliuliza kama Brazil iko upande wa Zambia. Akaambiwa ni mbele zaidi. Akasali baridi ianzie Zambia na kuendelea.

Tulisali Jumapili nne. Baridi ikaja Iyula. Tulikohoa kanisa zima, na mimi nikaamini kabisa kwamba maombi yamekosea anwani.

Wiki iliyofuata mnunuzi alirudi akasema bei itashuka tena, anayetaka kuuza auze leo. Mama alimsihi Baba angoje hata wiki mbili. Baba, aliyekuwa na imani ya kuiunguza Brazil nzima, akakosa imani ya kungoja wiki mbili. Aliuza yote, akapeleka shuleni fedha alizopata, akitumaini watazipokea kama malipo ya awali. Walimrudishia.

Siku chache baadaye redio ikatangaza kwamba baridi imeunguza mashamba ya kahawa Brazil. Bei ikapanda kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona. Kahawa yetu ilikuwa kwenye ghala la mnunuzi kule mjini Mpemba, ikipanda thamani pamoja naye.

Kanisani kwetu aliyejibiwa ombi hutoa shukrani mbele ya wote, na mchungaji hakuwa mtu wa kusahau. Akamkumbusha Baba. Baba akapeleka jogoo na debe la mahindi, akashukuru kwa sauti iliyokauka, na kwaya ikaimba. Dada alikuwa kwenye kwaya, sauti ya pili, macho chini. Nilikasirika siku ile, na sijui hata leo nilimkasirikia nani zaidi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Shule ilikuwa imempa mtu mwingine nafasi ya dada, na kesho yake alikuwa anakwenda Tunduma kwa shangazi, kuwauzia chapati madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Tulipokaribia nyumbani akamuuliza Baba kama huko Brazil nako kuna wasichana ambao ada zao hutoka kwenye kahawa.

Baba alifikiri. "Watakuwepo," akasema.

"Basi, Baba, tumekosa wote."